Betri Niliyoianika Juu ya Banda la Mbuzi

Niseme mwenyewe kabla watu wa nyumbani hawajaniwahi: betri ya gari niliianika juani. Ilikuwa imeishiwa nguvu, nikaifungua asubuhi, nikaibeba kifuani kama mtoto, nikaiweka juu ya bati la banda la mbuzi. Betri za redio tulizianika hivyo kila siku, na zilipata nguvu ya kumaliza taarifa ya habari. Nikajiambia hii ni ile ile, imekua tu.

Pikapu ilikuwa ya baba. Aliinunua miaka ile biashara ilipofunguliwa, watu wakaanza kujiuzia mahindi bila kungoja lori la ushirika. Masika yalipochachamaa aliiegesha nyuma ya nyumba, akadandia lori la watu kwenda Kirando kununua dagaa. Mimi niliachiwa kazi ya kuiwasha kila Jumamosi, robo saa, betri isilale. Niliiwasha Jumamosi mbili. Zilizofuata nilikaa kwenye usukani nikanguruma kwa mdomo, mpaka mama aseme kutoka jikoni, "Inatosha, zima, utamaliza mafuta."

Mama mdogo alikuwa amekuja kwetu kujifungua kwa sababu ya gari hilo. Mimba yake ya kwanza, huko Mwimbi, alikaa na uchungu kutwa nzima akingoja usafiri, na mtoto hakupona. Muuguzi alimwambia safari hii uchungu ukianza tu, awahi hospitali ya Sumbawanga. Kutoka kwetu ni saa nzima kwa gari. Kwa miguu usiulize.

Siku hiyo ya kuanika betri, saa sita mchana, mama alitoka chumbani. "Umeanza. Kamwite babu."

Babu ni jirani yetu, dereva mstaafu wa ushirika. Alikuja na koti lake la baridi, akazungusha ufunguo. Kimya. Akafunua boneti.

"Betri iko wapi?"

"Iko juu, babu."

"Juu wapi?"

"Kwa mbuzi. Inaota jua."

Alinitazama. "Uko darasa la ngapi?"

"Kidato cha pili."

"Na fizikia mnasoma?"

"Tunasoma."

"Haya, kailete."

Mama mdogo aliguna ndani, mguno mrefu, na hamu ya utani ikaniisha.

Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga mweupe. Babu aliagiza magadi kwenye maji ya moto, akamwagia, povu likachemka, akakwangua kwa kisu mpaka madini ya risasi yakang'aa. Tukafunga nyaya. Safari hii taa nyekundu iliwaka, hafifu, na stata ikasema tik. Basi.

"Hii ni ya kusukuma," babu alisema. "Lakini mteremko tunao mmoja. Likifika mtoni halijawaka, ndiyo limelala huko."

Kwa hiyo hakusukuma kwanza. Alinipa pampu ya baiskeli nijaze tairi la mbele, lililokuwa limekaa chini kama chapati. Yeye akachomoa paipu, akamwaga petroli iliyochacha, akatia ya kwenye dumu. Kisha akafungua plagi moja, akainyanyua. Nyeusi tii.

"Limewashwa lini mara ya mwisho?"

"Jumamosi," mama alisema kutoka mlangoni. "Nimelisikia kwa masikio yangu."

Babu akaitazama plagi, akanitazama mimi.

"Mama," nikasema, "ile ilikuwa ni mimi. Kwa mdomo."

Alirudi ndani; heri angenizaba kofi.

Nilisugua plagi nne kwa msasa, vidole vikachubuka. Nilipofika ya nne mama alichungulia tena. "Babu, uchungu unakaribiana. Tunangoja nini?"

"Namngoja huyu."

Vijana wawili waliokuwa wakipitisha ng'ombe wao walitushika mkono. "Mshikaji, gari lenu zito, limeshiba nini?" mmoja akaniuliza. Tukasukuma, mama naye kajifunga khanga kiunoni. Likashika mteremko, likatuacha. Babu akaachia klachi: likaruka kama mbuzi, likanyamaza. Akaachia tena: likakohoa. Mto ulikuwa hatua thelathini. Mara ya tatu likatoa moshi mweusi, likatetemeka, likanguruma.

Babu hakuthubutu kulizima. Alipanda nalo kilima, mama akampandisha mdogo wake mbele, mimi nikawekwa nyuma na mfuko wa nguo. Kila babu alipobadilisha gia na mngurumo ukashuka, moyo wangu nao ulishuka. Njia nzima niliusikiliza ule mlio na sauti ya mama mdogo, sijui nilikuwa naogopa kipi zaidi.

Hospitalini walimwingiza moja kwa moja. Nilikaa chini ya dirisha, upepo wa mwezi wa sita ukinipenya shati, mpaka jua likaelekea kuzama. Mama akatoka, khanga ina vumbi la kusukuma gari. Nilisimama.

"Wa kike, na wote wazima," alisema. "Wamesema tungechelewa kidogo tena, tungezungumza mengine. Ingia ukamsalimie mama yako mdogo, na umweleze mwenyewe kwa nini alingoja. Mimi sitakusaidia hata neno moja."