Sahihi Niliyoweka Bukavu

Kuna siku ambayo bado inanijia, mwanangu, hasa nikichoka kama leo. Nilikuwa muuguzi kijana hapa mjini Baraka, na kompyuta nilizijua kidogo. Sisi wauguzi wa vituo vya afya vya eneo la Fizi tulikuwa tumetengeneza programu ya kutunza faili za wagonjwa na kuzituma kutoka kituo hadi kituo. Haikuwa ya mtu mmoja. Yeyote mwenye ujuzi aliruhusiwa kuifungua, aone ilivyoandikwa ndani, arekebishe. Kanuni zake tulizijadili pamoja kila Jumamosi, na nisikufiche, majadiliano yale yalichosha. Jumamosi tatu nzima tulibishania tarehe ya kuzaliwa tu. Mama Apoline, mkunga wa rasi ya Ubwari, ng'ambo ya maji, hakukubali iwe lazima.

"Bamama bengi ba kwetu habajue siku balizaliwa," alisema. "Muache fasi ya kuandika jina ya baba na ya kijiji."

Kisha kampuni moja kubwa ya kompyuta ikaniita Bukavu, kwenye mkutano wa kupanga kanuni za faili za mkoa mzima. Kanuni zenyewe zilikuwa zimeshachapwa kabla hatujakaa. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa lazima, na nafasi ya jina la baba na la kijiji haikuwepo. Niliiona, nikanyamaza, nikatia sahihi kwa niaba ya wote. Moyoni nilifurahi kwamba Jumamosi zile zimekwisha.

Programu yetu ikawekwa kando. Ile mpya ilikataa faili isiyo na tarehe, basi wauguzi wakawa wanamwandikia kila mama asiyejua yake tarehe moja Januari. Siku moja akaletwa kwa boti kutoka Ubwari mama mjamzito aitwaye Furaha, homa imemshika hata hawezi kusema. Nikafungua faili. Kumbe ilikuwa ya Furaha mwingine, mwenye tarehe ileile. Faili ya huyu wetu ilikuwa na onyo kwamba asipigwe sindano fulani. Ile niliyosoma haikuwa nalo. Nikampiga sindano hiyo. Alivimba, akakosa pumzi. Yeye tulimwokoa, lakini mtoto aliyekuwa tumboni tulimpoteza.

Niliiandikia kampuni kuomba kanuni ile ibadilishwe. Wakajibu kwamba ombi langu litaangaliwa kwenye mkutano ujao. Kuirekebisha wenyewe hatukuruhusiwa.

Mama Apoline alivuka ziwa, akakaa nami nje ya wodi. Hakupaza sauti.

"Ulisema siye bote tumekubali. Ni nani alikutuma?"

"Hakuna, mama. Nilikuwa nimechoka."

"Mi pia nilikuwa nachoka. Lakini kila Jumamosi nilikuwa nakuya."

Kanuni ile ilikuja kubadilishwa, baada ya miaka na barua nyingi. Furaha alizaa tena, siku hizi anakaa kijiji cha Lweba. Tukikutana sokoni ananisalimu vizuri, nami sijui niangalie wapi.

Basi, mwanangu, wewe unayeandika programu na kuitwa kwenye mikutano, nisikilize. Kampuni si adui. Ina vifaa na watu wa kazi. Lakini kanuni itakayowagusa watu isipangwe bila wao, wala isifungiwe mahali wasipoweza kuirekebisha. Mabishano ya wengi yatakuchosha. Ukichoka, mwombe mwingine akae kwenye kiti chako, ila usiseme "tumekubali" kabla hujawauliza.

Mungu akupe subira ya kusikiliza, na kazi ya mikono yako isimuumize mama wa mtu yeyote.