Sauti ya Maili Mia Mbili na Arobaini

Watu wengine wakisafiri hupakia nguo. Mama mkubwa wangu, Ardith Kvamme wa Audubon, Iowa, hupakia polisi.

Anawaingiza mmoja mmoja, jimbo kwa jimbo, ndani ya skana, redio ya kijivu ya kunasa maongezi ya polisi, yenye ukubwa wa tofali. Anakaa kwenye meza ya jikoni asubuhi ya siku moja kabla ya safari, miwani puani, kadi za mapishi za marehemu mama yake zimetandazwa mbele yake. Upande mmoja wa kadi kuna keki ya tufaha, upande wa pili kuna masafa ya polisi wa barabara kuu ya Wyoming. Anabonyeza namba kwa kidole kimoja huku kahawa inapoa. Kundi la kwanza Iowa, la pili Nebraska, la tatu Wyoming, na kuendelea hadi mwisho wa dunia anayoijua yeye, yaani Utah.

Redio yenyewe haisemi na mtu, inasikiliza tu. Ukiiwasha inapita kwenye namba zake haraka haraka, kama mpangaji mmbea anayetembea ukumbini akitega sikio kila mlango. Penye mtu anaongea inasimama. Akinyamaza, inaendelea.

Nilimwambia mara nyingi kwamba kompyuta ingeijaza yote kwa dakika tatu.

"Na wewe dakika zitakazobaki ungezifanyia nini, Profesa? Ungemaliza diploma?"

Aliniita Profesa tangu nilipoacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea umeme. Katika ukoo mzima hakuna aliyenisamehe, ila yeye peke yake ndiye aliyeligeuza kosa langu kuwa cheo.

Ardith aliendesha lori kwa miaka ishirini na sita. Alianza na mayai, akaja nyama iliyogandishwa, akamalizia na chakula cha mbwa, ambacho kwa maneno yake ni ile ile nyama iliyokata tamaa. Kila wiki alivuka Nebraska kwenda na kurudi. Mume alikuwepo mwanzoni, halafu akahamia Arizona kwa ajili ya mifupa yake na mwanamke mwenye bwawa la kuogelea. Watoto hawakupata. Kilichobaki ndani ya kibanda cha lori kilikuwa kiti, blanketi, mbegu za alizeti, na skana.

Na ndani ya skana alikuwepo mwanamume mmoja.

Alikuwa mtu wa redio wa polisi wa barabara kuu, yule anayekaa chumbani na kuwaambia askari waende wapi. Eneo lake lilianza ukishapita Kearney ukielekea magharibi. Maili thelathini hivi kabla, sauti yake ilikuwa inakuja kama mtu anayeongea chini ya mto wa kulalia. Halafu inajitokeza, inakauka, inakaa sawa. Haikuwa sauti nzuri ya kuimba. Ilikuwa ya kawaida, ya chini, yenye kupumua kidogo kabla ya kusema. Na kila alipomaliza ujumbe alitaja saa. "Ng'ombe wawili barabarani, maili mia mbili kumi na moja, upande wa mashariki. Saa nane na dakika sita." Mama Mkubwa alikuwa anarekebisha saa yake kwa hiyo.

Januari moja barafu ilimkuta peke yake kwenye giza la mchana, lile giza jeupe ambalo huoni hata pua ya lori lako. Malori matatu yalikuwa yameshalala mtaroni. Yule mtu wa redio akawa anawapeleka askari wake maili kwa maili, hapa pamefungwa, hapa pana nafasi ya kupita kushoto, taratibu, kama anayesoma orodha ya vitu vya kununua dukani. Hakuwa anasema na Ardith. Hakujua kama Ardith yupo. Lakini Ardith aliifuata sauti ile kwa mwendo wa mtu anayetembea hadi Lexington, akaegesha, akalala saa kumi na nne.

"Ulimpenda?" niliwahi kumuuliza.

"Mtu ninayemjua kwa masikio tu? Acha upumbavu." Kisha akatafuna mbegu mbili tatu. "Ningemtambua kwenye umati wa vipofu."

Machi mwaka jana, kikundi cha Mama Mkubwa cha wasikilizaji wa skana mtandaoni, wazee watupu wanaogombana kuhusu antena, kilituma tangazo. Mtu wa redio wa magharibi ya Kearney, Lowell Pechacek, anastaafu. Ijumaa, saa nane mchana, wito wa mwisho.

Wito wa mwisho ni desturi yao. Mtu akimaliza utumishi, chumba kinaita namba yake redioni mbele ya magari yote, anaitika kwa mara ya mwisho, anasema maneno machache, na kila gari lililo barabarani linamjibu kwa zamu. Baada ya hapo namba hiyo haiitwi tena.

Mama Mkubwa alisoma tangazo mara mbili. "Kumbe anaitwa Lowell," akasema, kama mtu aliyeletewa viatu visivyomtosha.

"Tutamsikiliza kwenye simu," nikasema.

"Kule hakuna anayerusha redio ya polisi mtandaoni. Na hata angekuwepo, sauti ya simu inafika imechelewa nusu dakika. Mtu anaaga, wewe bado unamsikia anasalimia. Unaendesha au niendeshe mwenyewe?"

Alikuwa na miaka sabini na moja na nyonga mpya. Aliendesha mwenyewe.

Tuliondoka saa tatu asubuhi kwa gari lake pana la rangi ya siagi. Alikuwa ameingiza upya kundi la Iowa. La Nebraska hakuligusa. "Safari hii lile siliandiki upya," aliniambia. "Lile limekaa sawa tangu enzi za mayai."

Siku yenyewe ilikuwa kama imeoshwa ikaachwa bila kukamuliwa. Ukungu ulilala kwenye mashamba ya mahindi yaliyovunwa, na ndani ya ukungu walisimama korongo, maelfu kwa maelfu, wa kijivu, wakiokota punje. Kila mwaka wanashuka pale mtoni njiani kwenda kaskazini. Ukiwatazama kutoka kwenye gari linalokwenda, huwezi kusema ni wao wanaosogea au ni wewe. Wengine walikuwa wanarukaruka na mbawa wazi, wanacheza, bila muziki, bila sababu. Nilihisi tunapita ndani ya usingizi wa mtu mwingine, na huyo mtu ametupokea vizuri tu.

Niliharibu mambo huko York. Nilitaka mkate uliojazwa nyama na kabichi, foleni ikawa ndefu, na mtu wa mbele yangu akawa anamuulizia mhudumu habari za mjomba wake. Niliporudi garini Mama Mkubwa alikuwa anatazama saa.

"Dakika ishirini na mbili, Profesa. Kwa kabichi."

"Nimekuletea wako."

"Nipe. Na funga mkanda."

Kutoka hapo alikanyaga mafuta. Kibao cha barabarani kilisema mwisho sabini na tano. Sindano yetu ilikuwa imepita tisini na bado inatafuta. Nami nilikuwa nimeshikilia mpini wa mlango kama askofu na fimbo yake.

"Mama Mkubwa, polisi."

"Polisi wangekuwepo tungewasikia. Ndiyo maana ya hii redio." Akaipiga kofi dogo la mapenzi. "Imenyamaza. Njia nyeupe."

Ilikuwa kweli imenyamaza. Kearney ikapita. Tulikuwa tumeshaingia kwenye eneo lake, maili ishirini zimekwisha, thelathini zimekwisha, na bado hakuna sauti chini ya mto wa kulalia, hakuna ng'ombe, hakuna saa. Namba nyekundu zilikuwa zinapita kwenye kioo kidogo bila kusimama popote. Nikamwona Mama Mkubwa anaongeza sauti. Halafu anaiongeza tena. Saa nane kasoro kumi na tano.

"Labda barabara imetulia," nikasema.

"Miaka yote hii haijawahi kutulia."

"Nipe nitazame."

Nikaisimamisha, nikaanza kupita namba moja moja kwa mkono. Thelathini na sita, sawa. Thelathini na saba, sawa. Thelathini na nane, pembeni yake palikuwa na herufi ndogo sana, kama mguu wa mbu. Hata mtu mwenye nusu diploma anaijua hiyo: namba imefungiwa. Kuna kitufe cha kufungia: masafa yakipiga kelele za bure, unayafungia, skana inayaruka kama hayapo.

"Mama Mkubwa. Thelathini na nane ndiyo yake?"

"Safari ya Oktoba," akasema. "Mtambo wa kumwagilia wa mtu fulani ulikuwa unanguruma humo. Nikamfungia. Kwa dakika tano tu. Nimemfungia nje tangu Oktoba."

Ni kosa ambalo wangelifanya wasikilizaji tu. Mimi na wewe redio ikinyamaza tunafikiri imeharibika. Msikilizaji wa polisi redio ikinyamaza anafikiri dunia imepata amani, anakanyaga mafuta.

Kidole changu kilikuwa kinakwenda kwenye kitufe nilipoona taa kwenye kioo cha nyuma. Bluu na nyekundu, ndani ya ule ukungu, zikizunguka polepole. Zilikuwa nzuri, Mungu anisamehe.

Tukaegesha kando, na askari akatujia, kijana mrefu mwenye kofia pana, jina kifuani Bauerle, masikio mekundu kwa baridi. Nguzo ya pembeni ilisema maili mia mbili na arobaini.

"Habari za mchana, mama. Unajua ulikuwa unakwenda kasi gani?"

"Tisini na tatu, mwanangu. Andika upesi, nina ahadi saa nane."

"Ahadi na nani?"

"Na redio."

Askari akaniangalia mimi. Nikamwambia mwenyewe ni mtu mzima, amwulize. Akaiona skana juu ya dashibodi, akaanza kutabasamu kisha akakumbuka kazi.

"Na hiyo haikukuambia kwamba nimejificha pale darajani dakika arobaini?"

"Ilifungwa," akasema Mama Mkubwa, na sauti yake ilikuwa ndogo hivi kwamba nikaacha utani niliokuwa nimeuandaa.

Kompyuta ya gari lake ilikuwa imegoma tangu asubuhi, Bauerle akatuambia, kwa hiyo ingebidi aulize kwa redio. Akachukua leseni. Hakurudi garini kwake. Alisimama pale pale dirishani, akainamisha shingo kwenye kifaa kilichobanwa begani, akasoma namba.

Tukasikia mtu anavuta pumzi.

"Kvamme," ikasema sauti. "Ardith Maxine. Audubon, Iowa. Leseni hai. Safi, hakuna kitu. Saa saba na dakika hamsini na mbili."

Mama Mkubwa alikuwa ameweka mikono yote miwili kwenye usukani. Hakuiondoa. Nje, korongo walikuwa wanapiga ile kelele yao ya milango ya mbao elfu moja inayofunguka. Alitazama mbele, kwenye kioo ambacho hakikuwa na kitu ila ukungu, na uso wake ulikuwa wa msichana fulani nisiyepata kumwona.

"Mwanangu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mwambie hukusikia vizuri."

"Nimesikia vizuri sana."

"Mwambie arudie."

Bauerle alitazama leseni, akamtazama yeye, akaitazama tena ile skana. Sijui alielewa nini. Pengine naye alikuwa na shangazi. Akabonyeza. "Rudia hiyo, tafadhali. Kuna upepo huku."

Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa unyoya.

Pumzi. Na safari hii polepole zaidi, kila jina peke yake, kama mtu anayeweka vikombe mezani. "Kvamme. Ardith. Maxine. Safi. Saa saba na dakika hamsini na nne."

"Asante," akasema Mama Mkubwa, si kwa Bauerle.

Basi nikamweleza askari yote, maana mwenyewe alikuwa hawezi. Mayai, barafu, Oktoba. Nilieleza vibaya, na utani mwingi mahali pasipotakiwa. Bauerle akavua kofia, akasema anamjua Lowell kwa sauti tu, kama sisi. Ana miezi saba kazini, na chumba cha redio kiko mji mwingine. "Mimi ningeshapotea mara nne bila yeye," akasema. "Saa nane lazima niitike. Mkitaka, naitikia hapa."

Tukangoja sote watatu. Nilimpa mkate wangu uliobaki, akaula akiwa amesimama.

Saa nane ikaitwa namba ya Lowell. Akaitika. Alisema amekuwa hapo muda mrefu, kwamba kiti chake kina shimo na anamwonea huruma ajaye, kwamba waendeshe taratibu. Akataja saa. Kisha magari yakaanza, moja baada ya moja, kutoka mashambani na madarajani, sauti za wanaume na wanawake, zingine karibu, zingine kama zinatoka kisimani. Asante, Lowell. Pumzika, mzee. Samaki watakukoma. Zamu ya Bauerle ikafika. Akabonyeza, akasema asante yake. Kidole hakikuinuka.

"Na hapa maili mia mbili arobaini kuna mama," akaongeza. "Alikuwa dereva wa lori. Amekusikiliza miaka ishirini na sita. Anasema asante."

Safari hii hata pumzi hatukuisikia.

"Mama gani?"

"Yule uliyesema ni safi."

"Huyo aliyekuwa anakwenda kasi?"

"Tisini na tatu. Alikuwa anakuwahi wewe."

Ndipo yule mtu akacheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha ghafla, kibaya kidogo, chenye mkoromo katikati, hakikufanana kabisa na ile sauti ya orodha ya dukani, na kiliendelea hadi mtu mwingine chumbani akamwambia aachie kitufe.

Mama Mkubwa alinigeukia, macho yamejaa, mdomo wazi.

"Umesikia?" akasema. "Profesa, umesikia? Sikuwahi kujua kwamba anacheka."