Faiba Ilivyoingia Jengo la Warundi, Irving

Siku hizi mtu wa Nakuru akitaka intaneti isiyokatika ananipigia simu mimi. Nina ofisi, nina mafundi, na kwenye ukuta wa ofisi nimetundika diploma yangu ya mawasiliano ya simu, mahali ambapo kila mteja lazima aione. Niliilipia mwenyewe kwa kutengeneza redio za watu sokoni. Nasema hivi kwa sababu wako wanaodhani nilikwenda Amerika kuosha wazee, nikarudi na koti. Kuosha wazee ni kazi ya heshima na niliifanya nilipofika. Lakini kilichonijenga ni faiba, ule waya mwembamba wa intaneti ya kasi, na kati ya majengo yote niliyoyaingizia faiba Texas, naanza na moja la Irving, mji ulio kando ya Dallas.

Nilikuwa nimepanda hadi nikawa kiongozi wa kikundi cha mafundi katika kampuni ndogo iliyopewa kazi kwa pesa za umma. Pesa hizo zilikuwa za kufikisha intaneti ya kasi kwenye majengo ya kodi nafuu mijini, ili mpangaji alipie kiasi anachokimudu. Bosi wangu alikuwa mwanamke wa Houston aliyesimamia kazi ya huko na ya kwetu Dallas, na nusu ya maisha yake ilikuwa kwenye barabara ya kati ya miji hiyo miwili. Niliipenda kazi ile. Karibu na uwanja wa ndege kulikuwa na ofisi za vioo zenye intaneti ya kumwaga, na ng'ambo ya barabara waliozisafisha waliegesha magari nje ya maktaba ili watoto wao wapate mtandao wa kumalizia kazi za shule.

Jengo lenyewe lilikuwa la ghorofa mbili, na wapangaji wake wengi walikuwa Warundi waliopitia kambi za wakimbizi za Tanzania. Kiswahili chao kilikuwa laini kuliko changu, nami sikuona haya kusema hivyo. Sharti lilikuwa kwamba zaidi ya nusu ya nyumba zikubali kabla hatujaingiza waya, vinginevyo kikundi kingehamishiwa jengo jingine. Nilijua tutamaliza haraka. Nani angekataa kitu kizuri kwa bei ndogo?

Walikataa. Hawakugomba. Walitusalimu vizuri, wakatuuliza habari za nyumbani, halafu wakasema watafikiri. Mlango mmoja tu ndio uliotukubalia palepale, wa mama mmoja aliyefanya kazi ya usafi katika hoteli. Aliishi na binti zake wawili waliomjibu kwa Kiingereza kila alipowasemesha. Magoti yake yalikuwa yamechoka kwa miaka ya kuinama kutandika vitanda, na daktari alikuwa amemwambia waziwazi aiache kazi hiyo. Naye alikuwa amepata ya kuishika badala yake. Shirika moja la wakalimani lilitaka mtu wa Kirundi na Kiswahili wa kuwatafsiria wagonjwa na madaktari kwa njia ya video, akiwa nyumbani kwake. Masomo alishayamaliza na mtihani wa lugha alishaupita. Kilichobaki ni majaribio ya laini, kabla mwezi haujaisha. Laini ya zamani ya jengo ilikuwa imeshamwangusha mara moja, uso wake ukaganda kwenye skrini akiwa katikati ya sentensi.

Nikaanza kumweleza kasi ya faiba yetu, jinsi ilivyo kama ya ofisi za vioo, na jinsi mimi mwenyewe nilivyoziunganisha baadhi ya ofisi hizo. Alinisikiliza akiwa amesimama na kikapu cha nguo kiunoni.

"Kaka," akasema, "umekuja kunifungia, au umekuja kuniringia?"

Nikamwambia nimekuja kwa yote mawili. Akacheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye kalenda ya kanisa iliyokuwa ukutani.

Nilirudi kwenye gari nikakaa kufikiri. Mafundi wenzangu walisema watu hawa hawajui faida ya intaneti. Upuuzi. Kila nyumba ilikuwa na simu nzuri, na kila jioni walizungumza na ndugu zao Bujumbura. Nikajiuliza ni wapi hasa katika maongezi sura zao zilibadilika, nikapaona. Kwenye kishikwambi chetu kulikuwa na swali ambalo tulimwuliza kila mtu mlangoni tukiwa tumevaa vizibao vya reflekta na vitambulisho shingoni: hapa mnaishi watu wangapi?

Nilipaona kwa sababu nami nilikuwa nimefichwa. Nilipofika Texas binamu yangu wa Arlington alinipa kochi lake, na jina langu halikuwa kwenye mkataba wa nyumba. Katika jengo la Warundi, ni sebule gani isiyokuwa na shemeji aliyefika juzi, au mpwa anayetafuta kazi ghalani? Unamnyima ndugu kochi kwa sababu ya karatasi ya meneja? Basi tulikuwa tunawauliza watu wema watuambie wema wao, ili tuuandike.

Nilimpigia bosi Houston. Nikamweleza, naye akayasoma tena masharti ya zile pesa, akanirudia kabla ya chakula cha mchana. Zililipwa kwa nyumba, si kwa vichwa. Swali lilikuwa limeongezwa na mtu wa ofisini aliyetaka ripoti inayopendeza. Akalifuta.

Kulifuta peke yake hakukutosha, maana walikuwa wameshalisikia. Warundi wale walikuwa na jumuiya ya kanisa iliyosali kila Jumamosi nyumbani kwa mmoja wao, na Jumamosi ile ilikuwa zamu ya yule mama. Nikamwomba nafasi baada ya sala. Nilikwenda na shati la kawaida, nikaketi chini pamoja na wengine, nikafuata rozari nisiyoijua kwa kuangalia midomo ya jirani.

Mzee wa jumuiya, aliyefanya kazi ghalani, alinikaribisha kwa namna yake. "Wakenya tunawajua," akawaambia wenzake. "Mmoja akija na hakuombi kura, basi anakuomba mchango."

Walipoacha kucheka nikasimama. "Mzee, nilipofika nililala kwenye kochi la binamu yangu kule Arlington, jina langu halikuwa kwenye mkataba. Meneja akigonga, mimi naingia bafuni nafungulia maji. Mtu kama huyo atakuja kukuhesabia watu wa nyumba yako?"

"Na hayo maji, bili alilipa nani?" akauliza mzee.

Chumba kizima kikaangua kicheko. Nikawaambia swali limeondolewa, kwamba tutafunga kisanduku ukutani na kuondoka, na hakuna jina la mgeni litakalokwenda kokote. Wakaanza kunong'ona. Ndipo yule mama aliposema, bila kupandisha sauti, akiwa bado anagawa chai.

"Mimi magoti yangu yamekwisha, mnajua. Nikikosa laini hii mwezi huu, kazi anapewa mwingine, na mimi narudi kwenye mashuka. Nyinyi mkikataa sitawalaumu. Lakini mjue."

Mzee aliweka kikombe chini. "Anzia kwangu," akaniambia. Tulipomaliza, karibu nyumba zote zilikuwa zimekubali.

Nilisimamia kila tundu lililotobolewa. Siku ya majaribio alikaa sebuleni peke yake na vifaa vya masikioni, kwa sababu siri ya mgonjwa haitaki msikilizaji, na mjaribu wake alikuwa Houston. Laini haikutetereka hata kidogo, na sikutegemea itetereke, maana niliivuta mimi. Kazi akaipata.

Hakuwa na gari, basi nikampeleka hotelini kurudisha sare zake. Aliingia kwa mlango wa wafanyakazi, akakawia, akatoka akitembea polepole na mikono mitupu. Nikamwuliza wamesema nini.

"Wameniuliza nimepata hoteli gani. Nimewaambia naenda sebuleni kwangu."

Nilicheka hadi nikapita njia ya kututoa kwenye barabara kuu, tukajikuta tunaelekea Fort Worth. Hakuniambia nigeuze. Alikuwa amerudisha kiti nyuma na kunyoosha miguu.