Kabichi Chachu ya Mama Salma

Harufu ya kabichi inayochacha haiombi ruhusa. Ilianzia chini ya ngazi za nyumba ya bibi yangu, mtaa wa Kuze, Mombasa, mahali mama alipoificha ndoo yake kwa kuifunika kanga kuukuu, ikapanda ghorofani kwa bibi, ikatoka barazani, ikawapata wapita njia kwenye kona. Zilikuwa mvua za vuli, kuta zimelowa na chokaa inabanduka, na kichochoro chetu ni chembamba kiasi kwamba jirani akikaanga kitunguu ni nguo zako zinazonuka. Watoto waliokuwa wakienda chuoni kusoma Kurani walibana pua wakanitazama. Nami nilijifanya sijui harufu inatoka wapi, ingawa kila mtu alijua inatoka kwa Mama Salma, na Salma ndiye mimi.

Mama alizaliwa katika kijiji kimoja karibu na Poltava, nchini Ukraini. Baba, mzawa wa Kuze, alikwenda Odesa kusomea mitambo ya meli, akarudi na cheti na mke. Watu walikuwa wakitazamia cheti tu. Hata hivyo, mgeni njoo mwenyeji apone: walimpokea, wakamfundisha kuvaa buibui na kukuna nazi, na jina lake lilipowashinda kulitamka wakangoja nizaliwe wapate la kumwita. Bibi, mzaa baba, alikaa juu pamoja na shangazi Mwanaidi. Sisi tulikaa chini, na jiko letu wenyewe. Baba alikuwa fundi wa injini melini, kwa hiyo nikisema sisi, aghalabu nasema mama na mimi.

Kabichi yenyewe ilitoka soko la Marikiti. Mama aliviminya vichwa, akavinusa, akavikataa, akarudia cha kwanza, hata muuzaji mmoja akamuuliza kama amekuja kununua au kuposa. Nyumbani aliikata nyembamba, akaitia chumvi na karoti na bizari nzima, akaikanda kwa mikono mpaka ikatoa maji yake, kisha akaishindilia ndooni na kuikandamiza kwa jiwe alilolichemsha kwanza. Kwao, alisema, ndoo hukaa chumba cha chini ya ardhi, kwenye baridi, na mtu huisubiri kwa wiki nyingi. Mombasa haina subira hiyo. Ndoo ya kwanza ilipanda povu upesi mno, shangazi Mwanaidi akaiona, akaimwaga mtaroni na kuisugua kwa majivu. Hakuwa na ubaya. Sisi watu wa Pwani chakula kikipanda povu hatukiulizi habari, tunakimwaga. Mama aliketi kwenye ngazi akatukana kwa lugha yake, kwa sauti ya chini, kwa muda mrefu. Ndoo ya pili aliilaza chumbani mwetu, karibu na kitanda. Siku moja bibi akateremka, akafunua, akachota kidogo kwa ncha ya vidole, akaonja. "Ah! Kumbe ni achari," akasema. "Sasa kelele zote hizi za nini?" Tangu siku hiyo kabichi ikapata uraia, ila harufu haikupata.

Ilipokuwa tayari mama aliikamua, akaiinjika pamoja na mbavu za ng'ombe zilizokwisha kuchemka, vitunguu vya kukaanga, viazi na nyanya, akaiacha ipikike polepole juu ya seredani ya makaa. Kwao hutiwa nyama ambayo haijapata kuvuka kizingiti chetu, tena iliyokaushwa kwa moshi. Mama alikuwa amekwisha kuiacha nyama hiyo, lakini ule moshi aliukumbuka. Aliwahi kutia kipande cha ng'onda, samaki mkavu, ili aupate, na papo hapo akajuta, maana mchuzi ulinuka pwani nzima. Baada ya hapo aliupika bila moshi, na kila alipoonja alitikisa kichwa.

Kila mtu ana dawa yake ya wasiwasi. Ya mama ilikuwa kabichi, na msimu ule alipika mfululizo. Babusya, ndivyo ninavyomwita mama yake, alikuwa mgonjwa. Mdogo wake mama alikuwa akipiga simu kutoka kijijini, na kwa kuwa simu haikushika vizuri chini, mama alikuwa akikimbia nayo darini, anarudi, anakoroga sufuria, anapanda tena. Hakuna alichokimaliza. Alianza kufua akaacha nguo kwenye povu. Alinisuka upande mmoja wa kichwa, upande wa pili nikajisuka mwenyewe. Alifungua dirisha akalifunga. Baba alikuwa mahali fulani baharini, na simu yake ilipopatikana ilikuwa ni kelele za mitambo na neno "subiri".

Nami nilikuwa nimesikia jambo ambalo sikupaswa kulisikia. Nilikuwa nimekaa gizani chini ya ngazi, karibu na ndoo, bibi na shangazi wakizungumza juu. Shangazi alisema mke wa kaka ataka kwenda kwao. Bibi hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. "Akitaka kwenda na ende," alisema. "Mama ni mama, n'takuwa mtu gani nimzuie? Lakini mwana wa mwanangu habanduki hapa. Salma atabaki." Nilikuwa darasa la tatu. Sikuwaza Poltava iko umbali gani wala Babusya anaumwa nini. Niliwaza neno moja tu, atabaki, na tumbo langu likaanza kuuma mahali ambapo hakuna dawa.

Basi nikawa mlinzi. Chuoni nilimwomba maalim ruhusa ya kwenda haja, nikatoka mbio hadi nyumbani kuangalia kama viatu vya mama vipo mlangoni, nikarudi nikihema. Maalim aliniuliza kama nina ugonjwa wa tumbo, nikamwambia ndiyo, na sikumdanganya. Usingizini nilishika pindo la kanga yake. Alipokwenda Marikiti nilimfuata, alipokwenda chooni nilisimama nje ya mlango nikimsemesha, mpaka akaniambia kwa Kiswahili chake kilichonyooka mno, "Salma, mimi siwezi kutoroka kupitia chooni." Alicheka. Mimi sikucheka, na aliponitazama usoni naye akaacha.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yangu yalikuwa sahani. Kwetu jirani akikuletea chakula, chombo chake hakirudi kitupu. Hukaa kwako mpaka nawe upate cha kutia. Ramadhani ndiyo kwanza ilikuwa imekwisha, na rafu yetu ilijaa sahani na mabakuli ya Kuze nzima: sahani yenye maua mekundu ya Bi Rukia, bakuli la bati la nyumba ya pili, sinia ndogo ya watu wa kona. Mama aliijua nusu ya mila, kwamba sahani hairudi tupu. Nusu ya pili hakuna aliyemwambia, kwamba hazirudi zote siku moja. Anayerudisha vyombo vyote vya watu kwa mpigo ni anayehama, au anayesafiri asijue kurudi, au aliyeuchoka ujirani. Hata mimi mtoto nilijua. Asubuhi moja nikaamka nikamkuta amevishusha vyote, amevisugua, amevipanga mezani, na sufuria kubwa ya kabichi inatokota.

Alinipakulia na kunituma nyumba hadi nyumba. Sijapata kubeba kitu kizito kama kile. Mvua ilikuwa imekatika, mawe yanateleza, nami nilitembea taratibu kwa makusudi, kwani niliona kila sahani ninayoifikisha inamfungulia mama njia. Kwa Bi Rukia nilibisha nikitumaini hayupo. Bi Rukia alikuwa mjane mnene, mpika mahamri, sauti yake inasikika hadi mtaa wa Bondeni. Nikambusu mkono, nikampa sahani. Aliinua kifuniko, akarudisha uso nyuma, akajikaza, akasema shukrani. Kisha akaona sinia niliyobeba kwa mkono wa pili.

"Hiyo ya nani?"

"Ya watu wa kona."

"Na za wengine?"

"Zimekwenda. Zilizobaki mama yuapakuwa."

Akaweka sahani chini. Sauti yake ikashuka. "Mamako asafiri, Salma?"

Nilifungua kinywa nimjibu, nikalia. Nililia barazani pale, sinia mkononi, mchuzi wa kabichi unanichuruzika kiwikoni, naye akanifuta uso kwa leso yake yenye unga na kuniambia nimalizie safari zangu, nisimwambie mama kitu.

Baada ya magharibi mlango wetu ulibishwa, ukabishwa tena, na haukupumzika. Waliingia wanawake wa Kuze mmoja mmoja, buibui zao zina matone ya mvua, na kila mmoja amebeba chombo kilekile alichorudishiwa asubuhi, kimejaa. Viazi vya karai, mkate wa sinia, kaimati, samaki wa kupaka. Mama alisimama katikati ya chumba asijue aweke wapi. Bi Rukia aliingia mwisho na sahani yake ya maua mekundu. Ndani mlikuwa na kabichi ya mama, nusu yake, imetiwa tui na pilipili. "Nimekutengenezea," akasema, "maana ilikuwa yalia." Watu wakacheka, mama naye akacheka huku ameudhika. Kisha Bi Rukia akaketi mkekani kama mtu aliyekuja kulala.

"Sasa tusikize, Mama Salma. Mtu hasafiri na vyombo vya watu ndani ya nyumba. Na vyombo hivi, wallahi, leo hatuvichukui."

Mama hakuelewa. Wakamweleza, wakikatizana, ile nusu ya pili ya mila. Nilimtazama uso wake ulivyobadilika akitambua kwamba siku nzima alikuwa akiaga mtaa mzima bila kujua, na kwamba mtaa ulikuwa umekataa. Bibi aliteremka ngazi kwa shida ya magoti yake, akaketi ubavuni mwake, akamshika mkono. "Mwanangu," akasema, "mngoje mumeo. Akirudi mtaondoka nyote watatu, nami n'tawashindikiza hadi uwanja wa ndege." Mama aliinamisha kichwa akalia, wanawake wakampapasa mgongo, na mimi nikadhani ni furaha. Nilikula kaimati hadi nikashindwa kusimama. Usiku ule sikushika pindo la kanga ya mtu.

Hakwenda. Baba alichelewa, meli yao iliongezewa safari. Babusya alifariki vuli haijaisha, na mama alipata habari darini, akarudi chini, akaendelea kukata kabichi. Hapana aliyemlaumu mwenziwe. Majirani walikuja tena, wakasoma dua na kuleta chakula, na vyombo vikaongezeka.

Leo tunakaa fleti, mama na mimi, upande wa Bondeni, ambapo majirani wanatumiana salamu kwa simu na chakula kinaletwa na pikipiki. Bibi na Bi Rukia wametangulia mbele ya haki. Kijiji cha mama sasa kiko katika nchi yenye vita. Mdogo wake amekimbilia Polandi, na ile nyumba yao, kwa habari tulizo nazo, imefungwa, haina mtu. Mama hutazama habari kwa simu, akiiweka chini na kuiokota tena, akisimama dirishani, akirudi. Kutotulia kwake utotoni mwangu nilikuogopa. Huku kwa sasa kumenishinda, kwa sababu hana tena pa kukimbilia, na zamani angalau palikuwapo.

Juzi nilikuwa nikimpikia kabichi, naye yuko kwenye kiti akinikosoa: moto mkali, chumvi haba, viazi vikubwa. Sijui ni nini kilichonisukuma. Nilimuuliza bila kugeuka kama siku ile, lau wale wanawake wasingekuja, angenichukua.

Aliniambia kwanza nipunguze moto.

"Tiketi ilikuwa moja," akasema.

Nikamuuliza kama angerudi.

"Sijui, Salma. Nilimwambia Mungu narudi. Mama yangu nilimwambia nikifika siondoki tena. Mmoja wao nilimdanganya, na mpaka leo sijui yupi."

Iliniuma, nisiseme uongo. Miaka yote nimewashukuru wanawake wa Kuze kwa kunirudishia mama, na kumbe jioni ileile, mbele ya macho yangu, palikuwa na mwingine anayeng'ang'ania pindo la mama yake, na ni mimi niliyeshinda. Nikageuka nikamtazama, mzee, mwembamba, kanga imemporomoka begani, anangoja nimkasirikie. Kwa mara ya kwanza nikamwona kuwa naye ni mtoto wa mtu.