Nyumba Iliyoshuka Bei

Mimi si mtu wa kuamini mambo. Waulize niliosoma nao chuo kikuu: nilikuwa yule anayenyoosha mkono mwishoni mwa somo na kumuuliza profesa amejuaje. Mchungaji akitangaza kwamba amemponya kiwete, mimi nataka nikutanishwe na huyo kiwete. Kwa hiyo usidhani kisa hiki nimekipokea kwa watu. Nilikuwepo mwenyewe, akili zangu zilikuwa timamu, na sikuwa nimeonja hata tone la lotoko, pombe kali ya kwetu. Ningekuwa natunga, niamini, ningejitungia mwisho mzuri kuliko huu.

Ilikuwa miaka ya vita. Majeshi mawili ya kigeni yalikuwa yamerushiana mabomu katikati ya Kisangani, na sisi tulikuwa chini ya vitanda. Nyumba yetu ya mtaa wa Tshopo ilipigwa ikabaki kuta mbili. Baba alishafariki zamani, kaka yangu mkubwa alikuwa Ubelgiji, hivyo tulibaki mimi na Mama. Binamu yake alitupokea Mangobo, tukawa tunalala sebuleni. Mama, mwanamke wa Isangi aliyelea watoto katika nyumba yake mwenyewe, alikuwa akisubiri wenye nyumba wamalize mazungumzo yao ndipo atandike mkeka. Asubuhi aliukunja kabla hawajaamka, asikanyagwe. Akaanza kukohoa. Kisha akaanza kunyamaza, na hilo lilinitisha kuliko kikohozi. Nilitaka apate nyumba yake. Sikutaka kitu kingine duniani.

Kaka aliniambia kwa simu: tafuta, nitalipa, ila isiwe ghali. Alisema bei za vita hazitadumu. Leo nyumba itamhifadhi Mama, kesho vita vikiisha itakuwa mali.

Kwetu nyumba hutafutwa kupitia kwa komisionere, yaani dalali anayeshinda kwenye kona akisubiri wateja. Nilizijua hila zao. Kiwanja kimoja wanakiuza kwa watu watatu, halafu wanavuka mto kwenda kujificha Lubunga. Ndiyo maana kuta nyingi za mji wetu zimeandikwa kwa rangi, kwa herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Mwenyewe anaandika hivyo asije akasafiri siku mbili na kurudi akakuta hata mlango umeuzwa. Mimi, msomi, nikasema sitadanganywa na mtu wa kona. Nitatafuta kwenye mashine, maana mashine haina njaa.

Katikati ya mji palikuwa na duka la intaneti lenye sahani ya setilaiti juu ya paa na jenereta uani. Picha moja ilifunguka polepole, mstari baada ya mstari, kama mtu anayevua shati kwa aibu. Humo nikapata ukurasa ambao Wakongo wa ughaibuni walitangazia nyumba walizoziacha. Lazima uelewe hali ilivyokuwa: Kinshasa ilikuwa ya serikali, sisi tulikuwa upande wa waasi, na mto ulikuwa umefungwa. Boti hazikupanda, barua hazikupita. Maneno ya simu na ya mashine peke yake ndiyo yalivuka.

Nyumba niliyoipenda ilikuwa Kabondo. Vyumba vitatu, bati zima, jiko la nje, kisima. Bei yake ilikuwa chini kuliko zote, lakini bado ilimshinda kaka. Mwenyewe aliitwa Floribert na alikuwa amekwama Kinshasa tangu vita vianze. Aliniandikia kwamba nyumba ni tupu, haina mpangaji, niende nikaitazame tu.

Nikapanda toleka, zile baiskeli zetu za abiria, nikaenda alasiri moja. Wingu lilikuwa zito hata kuku walikuwa wameanza kutafuta pa kulala. Mwendeshaji alinishusha barabarani akageuza mbio akiiogopa mvua. Nilipokaribia ua nikasikia mchi ukitwanga kinuni. Nikajisemea, haya, nyumba tupu hii!

Nikapiga hodi.

"Ingia, kijana. Mvua itakupiga bure."

Alikuwa mama wa makamo, mnene kidogo, kitambaa cha kijani kichwani. Alikuwa anatwanga ndizi na mihogo kwa ajili ya lituma, kando ya jiko. Nikakaa kwenye baraza, mvua ikaanza.

"Mama, uko mupangaji hapa?"

Akacheka hadi akaegemea mchi. "Mupangaji? Mimi? Eh! Inaonekana umesoma sana, wewe."

"Donc mwenye nyumba ni nani?"

"Mwenye nyumba iko anatwanga. Haumuone?"

Nilidhani ni mmoja wa wale walioingia katika nyumba za watu wakati wa mabomu na kugoma kutoka. Nikataka kumvunja nguvu mapema. Nikamwambia mwenye nyumba namjua, anaitwa Floribert, na anaiuza.

Mchi ukasimama.

"Flori? Iko muzima?"

"Iko muzima. Iko Kinshasa. Ananiandikia kwa mashine."

"Anakula?"

"Sijue, mama. Hatukuongea juu ya chakula."

"Bon. Ulimuuliza bei, haukumuuliza kama anakula." Akatikisa kichwa. "Boti ya Kinshasa imefika?"

"Boti gani? Boti haifike tangu vita."

"Ah. Ndiyo maana."

Mvua ilipiga bati kwa nguvu, akasogea karibu ili nimsikie. Hakuwa na harufu yoyote. Nakuambia hili kwa sababu nimelifikiria sana: mtu anayetwanga kando ya moto ananuka moshi, ananuka jasho, ananuka kitu. Yeye alikuwa kama ukuta uliokauka.

"Na nani atalala humu?" akauliza.

"Mama yangu."

"Anajua kutwanga?"

"Anajua sana."

"Alors alete muchi yake. Mimi nimechoka kutwanga peke yangu."

Mvua ilipopungua nikaaga. Akanituma: nimwambie Flori kwamba lile dirisha alilolivunja kwa mpira, yeye alimtunzia siri, hakumwambia baba yake. Baba huyo alikufa akijua ni upepo. "Na umwambie akuje," akasema. "Asikutume wewe. Akuje yeye."

Je, wewe ungefanya nini? Mimi niliona ni ujumbe kama ujumbe mwingine. Nikarudi kwenye mashine nikaandika yote: kuna mama mwenye kitambaa cha kijani ndani ya nyumba yako, anatwanga lituma, anakusalimia, anasema hivi na hivi kuhusu dirisha.

Jibu lilikuja kwa herufi kubwa. WEWE NI NANI? Mama yake, aliandika, aliuawa na bomu akiwa jikoni. Majirani walishindwa kufika makaburini, wakamzika humo humo uani. Yeye alipata habari kwa simu, akalia katika chumba cha kupanga Kinshasa bila ndugu hata mmoja. Na lile dirisha hakuna mtu mwingine aliyelijua, hata dada zake hawakulijua.

Kabla sijajibu, ujumbe wa pili ukaingia. Alikuwa amekata zaidi ya nusu ya bei. "Chukua," aliandika. "Maliza haraka. Mimi sitafika huko."

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo msomi hupotea. Mtu wa kawaida angekimbia. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikafikiri. Nikasema huyu mwanamke ni mjanja aliyekuwa rafiki wa marehemu, amesikia siri za familia, na sasa anajifanya mzimu ili wanunuzi waogope. Inaingia akilini, sivyo? Tena bei ilikuwa imeshuka mpaka kwenye mfuko wa kaka. Nilitaka hata kumshukuru yule tapeli.

Nikarudi mchana wa jua, nikamtafuta jirani aliyetunza funguo, mzee mmoja mchangamfu, Tonton Basile. Alifungua mlango ukalia kwa kutu. Ndani vumbi lilikuwa limelala sakafuni bila alama ya mguu. Nyuma ya jiko palikuwa na udongo ulioinuka, umezungushiwa mawe. Kinu kilikuwa pale pale, kimepasuliwa na kipande cha bomu, na buibui alishajenga ndani.

"Tonton, nani anakaa humu?"

"Hakuna mutu. Watu wanasikia kutwanga, wanapita mbali." Alisema hivyo kama mtu anayenieleza njia ya sokoni. "Matanga haikufungwa, kijana. Sisi majirani tulizika tu, risasi zilikuwa zinapita. Mutoto wake ndiye anapashwa kuja kufunga."

Unajua desturi yetu. Mtu akifa, ndugu hukaa pamoja wakalia, na siku ikifika matanga hufungwa: nguo za marehemu hugawanywa, moto wa kilio huzimwa, watu huoga, hunywa pamoja. Hapo ndipo marehemu huambiwa, sasa nenda. Hadi hapo nyumba haizungumziwi, sembuse kuuzwa. Floribert aliuza akiwa upande wa pili wa vita, kwa maandishi, kama mtu anayeuza baiskeli.

Sikumficha Mama. Nilimweleza kila kitu, jikoni kwa binamu yake, hata yale niliyoyaona ni upuuzi. Alisikiliza, akakohoa, akafuta mdomo.

"Mufu hatanifukuza," akasema. "Wazima ndio wamenifukuza. Nunua."

"Mama, una uhakika?"

"Nimechoka kuomba ruhusa ya kulala. Nunua, mwanangu."

Kaka akalipa, shefu wa mtaa akagonga muhuri, tukahama. Wiki za kwanza Mama alikuwa mtu mpya. Alilala kitandani. Kikohozi kilipoa. Alipanda mboga kando ya yale mawe na kuyafagilia kila asubuhi kwa heshima. Mimi nikatembea kifua mbele. Nikamwambia Tonton Basile, unaona? Akajibu tu, "Tunaona."

Kisha nikaanza kusikia mazungumzo jikoni nikirudi kutoka chuoni.

"Mama, unaongea na nani?"

"Na mwenye nyumba. Anasema unakula kidogo."

Tukacheka. Nilidhani tunacheka pamoja. Lakini lituma ilizidi kuwa nyingi, ya watu wawili, watatu, na mchi uliendelea kudunda nikiwa nimeshamwona Mama ameketi barazani na mikono yake miwili magotini. Nilitoka mbio mara ya kwanza. Sikukuta kitu jikoni, isipokuwa mchi wa Mama ukiwa umesimama ndani ya kinu chake bila kuegemea popote. Nilipoushika ulikuwa na joto la mikono.

Jioni moja niliingia nikamkuta Mama amesimama mlangoni. Alinitazama kwa furaha ambayo sijawahi kuona usoni pake, hata kaka alipofaulu mitihani yake.

"Boti imefika!" akasema. "Umekonda, Flori. Kinshasa hawakulishi? Na lile jino, bado linakuuma?"

Nikamshika mabega. "Mama, ni mimi." Nikamtajia jina langu, nikamtajia la kaka, la Baba, la kijiji chao Isangi. Aliyasikiliza kwa adabu, kama mtu anayeambiwa habari za majirani wa mbali.

Sikuwahi kumwambia habari za jino, kwa sababu sikuzijua. Asubuhi nilikimbilia kwenye mashine nikamwandikia Floribert: una jino linalokuuma? Alijibu neno moja. Hameni. Baada ya hapo anwani yake haikujibu tena.

Kuhama? Nilijaribu. Nilimkodishia chumba Makiso. Alipofika kwenye lango la ua alikaa chini akalia kwa sauti ambayo si yake, sauti nzito, ya makamo, akisema mwanawe aliiuza nyumba yake, na sasa anamtoa humo kwa mara ya pili. Majirani walinitazama vibaya. Nikamrudisha ndani. Nilimpeleka hospitali, wakamkuta mzima. Padri alikuja akanyunyiza maji. Tonton Basile na wenzake walijaribu kufunga matanga kwa niaba ya mtoto. Walioga, wakanywa, wakauzima moto. Ulipofika wakati wa kumwaga majivu, mchi ukaanza kudunda jikoni nasi sote tukiwa tumesimama uani. Walichukua viti vyao wakaenda.

Siku hizi amani imerudi, kwa namna yake. Mto ulifunguliwa, boti zinapanda. Kwa muda mrefu nilikwenda bandarini kila ilipofika boti, nikiwatazama wanaume wa umri wake wakishuka na mizigo, nikiuliza jina. Hakuja. Nimejifunza kutotegemea kwamba atakuja.

Kwa hiyo wewe unayetafuta nyumba kwa simu yako, ukihesabu vyumba na kusoma bei, nakuomba: nenda mwenyewe, kaa na majirani, uliza nani alifia pale na nani alikuja kumlilia. Na muuzaji akikata bei kabla hujamwomba, funga ukurasa. Usikae ukaifikiria. Mimi nilikaa.

Na mtu asiyekujua akikuuliza habari za mwanawe, mwambie hujui.

Jana usiku Mama aliniuliza nitarudi lini Kinshasa. Nimeacha kubishana naye. Nikamwambia, "Sirudi tena, mama. Nimekuja kukaa." Alifurahi, akaenda kunipakulia. Mama yangu mzazi, kama bado yumo ndani ya mwili ule mahali fulani, sijui kama alisikia namna nilivyojibu haraka.