Maji ya Chumvi Kwenye Tangi la Mama

Fundi aliyetujengea tangi alikuwa anajua, na hilo ndilo sijamsamehe mpaka leo.

Miaka ya sabini, huku kwetu upande wa Kanyangi, maji matamu yalikuwa mbali, chini mtoni, na mama alikuwa akiyafuata kabla jua halijatoka. Ndipo wanawake wa mwethya wake, kile kikundi cha kusaidiana kazi, wakaamua kumjengea kila mmoja wao tangi la maji ya mvua. La mama likawa la kwanza. Walibeba mchanga mgongoni, wakaponda kokoto kwa nyundo, wakiimba. Shida ikawa maji ya kukorogea. Kumwaga maji matamu kwenye simiti? Nani angethubutu? Wakachota ya kisima cha karibu, yale ya chumvi ambayo ukipikia maharagwe hayaivi. Wakayachota kwa moyo safi, mama akiwa mbele.

Fundi akachovya kidole, akaonja, akatema kando. Nilimwona kwa macho yangu. Kisha akawaambia waendelee. Alikuwa na kazi nyingine Matiliku, na mtu kama yule hangoji punda washuke mtoni kuleta maji matamu.

Miaka ikapita, mama akimwonyesha kila mgeni tangi lake. Halafu kifuniko chake cha konkriti kikaanza kutoa madoa ya kahawia. Ukiyafuata madoa, ulikuwa unazifuata nondo zilizolala ndani. Nyufa nazo zikapita njia ileile, maana chumvi hukilisha chuma kutu, na chuma kikishika kutu huvimba na kuisukuma konkriti iliyokibana. Mama akaziba kwa simiti, akapaka chokaa, tukaona yamekwisha. Wapi!

Siku moja alipanda juu kuchota kama kawaida. Kifuniko kikazama naye. Tulimtoa akiwa hai, nyonga imevunjika.

Kesho yake nilikwenda pale na hasira zangu, nikashika nondo moja nikavuta. Ikachomoka kwa mkono mmoja, kama jino la mtoto. Hata kokoto moja halikuwa limeishikilia. Yale matuta yake ya kung'ang'ania konkriti yalikuwa yameliwa yote, na katikati palibaki unga mwekundu tu. Kumbe miaka yote hiyo kifuniko kilikuwa kimekaa pale kwa mazoea.

Fundi akaja kutoa pole, mzee sasa, amevaa koti la kanisani. Akasema ni mapenzi ya Mungu, tushukuru. Nilikuwa tayari kumfukuza, lakini mama akanitangulia pale kitandani.

"Mungu hakuchota yale maji," akamwambia. "Niliyachota mimi. Wewe uliyaonja."

 Na mama, kwa kuwa mgeni ni mgeni, akaniagiza nimpikie chai. Maji nyumbani hayakuwepo hata tone. Nikabeba mtungi, nikashika njia ya mtoni nikimtukana fundi peke yangu, na yeye akakaa, akaingoja chai yake.