Ladha ya Chaki

Kaloleni nilikokulia, jioni iliingia na sauti za watoto wa madrasa waliosoma kwenye baraza ya jirani yetu, Bibi Zuhura. Walisoma kwa pamoja wakiyumba mbele na nyuma, nami jikoni kwetu, nikimenya viazi, nilijikuta nayumba nao. Sisi tulikuwa Wakamba wa kanisani, tena baba alikuwa mzee wa kanisa, lakini Bibi Zuhura hayo hayakumhusu. Aliponikuta nikilia juu ya daftari la jiografia, alinisogezea nafasi mkekani. "Soma kwa sauti, mjukuu wangu," akaniambia. "Hapa hakuna wa kukukataza." Nikaisoma mito ya Kenya kwa sauti huku nikiyumba, na kwa mara ya kwanza ikakaa kichwani. Ilikuwa lazima ikae, kwa sababu baba alishasema nikianguka darasa la tano tena, napelekwa kijijini Kitui kuchunga mbuzi wa mama yake, nyanya yangu.

Siku ya mtihani niliikumbuka mito kwa kuyumba; midomo yangu ilikuwa ikicheza tu, sauti haikutoka. Madam Priska, mwalimu wetu, mwanamke aliyependa ukimya kuliko alivyopenda watoto, alichukua kitambaa cha kufutia ubao akanifunga mdomo mbele ya darasa zima. "Akili haikai mdomoni, Mwende," akasema. "Na uache kutikisika." Wenzangu wakacheka. Nikakaa wima, chaki ikiniwasha koo, na mito yote ikanitoka. Mwaka uliofuata nilikuwa Kitui, nyuma ya mbuzi. Nilimchukia mwanamke yule, bado namchukia, na asije mtu kunihubiria habari za kusamehe.

Juzi nilienda mkutano wa wazazi katika shule ya binti yangu, huko mtaa wa Donholm. Mgeni aliyealikwa kutueleza kwamba kila mtoto ana njia yake ya kujifunza, huyu kwa macho, yule kwa masikio, mwingine kwa kutikisa mwili, alikuwa Madam Priska, mvi kichwa kizima, sauti tamu kama ya mtangazaji. Wazazi wakampigia makofi. Nikasimama, nikataja jina langu, nikamuuliza kama anakikumbuka kile kitambaa. Akatabasamu, akasema amefundisha watoto wengi mno. Kisha akaniomba niketi ninyamaze, ili wenzangu wasikie. Sikuketi.

"Tana, Athi, Nzoia, Yala," nikaanza, kwa sauti, nikiyumba.